Ziwa lenye mlango mmoja

[Muziki wa kufungua kipindi. Unashuka polepole, mtangazaji anaanza.]

 

Leo ni zamu ya historia. Tunaizungumzia kwa sababu ya maswali yaliyojaa kwenye kisanduku chetu tangu watu waanze tena kuulizana habari za kurudi nyumbani. Mama mmoja kutoka Rumonge ameandika kwamba ndugu yake alimpigia simu akamwambia, nyumba yenu ipo, lakini samaki ndio wanaolala ndani. Baba mwingine wa upande wa Baraka anauliza: palseli yangu imeingia majini, je, maji yatarudi nyuma, au nihesabu kwamba nimeipoteza? Kijana wa sekondari ameuliza kwa ufupi kabisa: nani ameziba ziwa?

Majibu yanayozunguka kwenye bomba la maji tunayajua wote. Wapo wanaosema kuna kampuni inatafuta mafuta chini ya ziwa na imesukuma maji juu. Wapo wanaosema ni hasira ya wenye ziwa, kwa ajili ya damu iliyomwagika kandokando yake. Wengine wanasema Kongo imefunga mto. La hasira siliwezi, nawaachia wazee. Hilo la mto, ingawa halikwenda vile linavyosimuliwa, lina ukweli ndani yake. Kuufahamu kunatupeleka zaidi ya miaka 160 nyuma, kwenye ubishi mkubwa uliowahi kuwapo juu ya ziwa letu: maji ya Tanganyika yanatokea wapi, na yanaondokea wapi?

Kwanza tulione ziwa lenyewe. Urefu wake kutoka Bujumbura kaskazini hadi Mpulungu ya Zambia kusini ni karibu kilomita 670. Upana wake ni mdogo, pengine kilomita 50 hivi, ndiyo maana usiku ukiwa Kigoma unaona taa za wavuvi hadi mbali kama mji mwingine. Lakini kina chake kinafika mita 1,470. Barani Afrika hakuna ziwa lenye kina kama hicho, na duniani linazidiwa na Baikal la Urusi peke yake. Nchi nne zinaligawana: Kongo na Tanzania zina sehemu kubwa, kisha Burundi na Zambia zenye vipande vidogo.

Mito inayoingia ni mingi. Ruzizi unatoka Kivu, Malagarasi unapita huku huku Kigoma, na vijito vinavyoshuka milimani Fizi, Uvira na Bururi havihesabiki. Mto unaotoka ni mmoja tu. Unaitwa Lukuga, unaanzia pale ulipo mji wa Kalemie, unakwenda magharibi mpaka Lualaba, na kutoka hapo maji yanakuwa Mto Kongo, yanapita Kisangani na Kinshasa, yanamwagika bahari ya Atlantiki.

Leo mtoto wa shule ya msingi anaweza kuyasema hayo. Mwaka 1858 hakuna aliyekuwa ameyaandika.

[Muziki mfupi]

Mwezi Februari mwaka huo Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Ujiji kutoka pwani. Walikuwa wagonjwa. Speke alikuwa haoni vizuri kwa ugonjwa wa macho, Burton alikuwa habebeki ila kwa machela. Waliotembea kwa miguu yao na mizigo kichwani ni wapagazi na askari wa msafara, na miongoni mwao alikuwapo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mdogo, akapelekwa India, akarudi akiwa mtu huru. Mkumbukeni huyo, tutakutana naye tena.

Wazungu hao walikuwa wanatafuta chanzo cha Nile. Kama kuna mto unaotoka kaskazini mwa ziwa hili, walifikiri, basi huenda ndio Nile wenyewe. Wakapanda mitumbwi mpaka Uvira. Pale vijana watatu wa mtawala wa Uvira waliwaambia waziwazi kwamba Ruzizi unaingia ziwani, hautoki. Burton akaandika hivyo. Hakuuona mto wenyewe kwa macho yake, maana waliowaongoza walikataa kwenda mbele zaidi.

Sasa sikieni kilichotokea baadaye. Burton na Speke waligombana juu ya nani ameona chanzo cha Nile. Speke alisema ni ziwa la Victoria. Burton, kwa kutaka kumshinda mwenzake, akaanza kusema kwamba pengine wale vijana wa Uvira walikosea, pengine Ruzizi unatoka. Huko Ulaya watu wenye elimu wakakaa miaka mingi wakibishana juu ya mto ambao mvuvi yeyote wa Uvira alikuwa anaosha nyavu zake ndani yake. Mimi nikisoma habari hizi sikosi kucheka kidogo.

Mwezi Novemba 1871 David Livingstone, mmisionari, na Henry Stanley, mwandishi wa gazeti, walitoka Ujiji kwa mtumbwi kwenda kuangalia. Wakafika kwenye mdomo wa Ruzizi. Mto unaingia ziwani. Watu wa Uvira walikuwa wamesema kweli tangu miaka 13 nyuma.

Swali likabaki gumu zaidi. Kama mito yote inaingia, na maji ya ziwa bado si ya chumvi kama ya bahari, lazima yapo mahali yanapotokea. Wapi?

[Muziki mfupi]

Mwaka 1874 akaja Verney Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza. Kiongozi wa watu wake alikuwa Bombay yule yule, ambaye kabla ya hapo alikuwa pia kwenye msafara wa Stanley. Cameron alizunguka nusu ya kusini ya ziwa kwa mashua, akihesabu mito. Yote ilikuwa inaingia. Mwanzoni mwa Mei alifika upande wa magharibi, mahali palipo na uwazi kwenye ukingo. Mlangoni palikuwa na fungu la mchanga lililoota majani, nyuma yake pameziba mafunjo na magugu. Lakini kwenye njia iliyobaki wazi aliona maji yanakwenda polepole kutoka ziwani kuelekea bara. Wenyeji walimweleza kwamba mto huo unakwenda mbali mpaka unaingia Lualaba. Cameron akaandika: nimepata mlango wa Tanganyika, nao ni Lukuga.

Miaka miwili baadaye, 1876, Stanley akarudi. Safari hii alikuwa na mashua yake mwenyewe, akazunguka ziwa zima. Alipofika Lukuga alisema Cameron amekosea. Aliona matope, mafunjo mazito, na maji yaliyosimama. Kilichoonekana kama mkondo, alisema, ni upepo tu unaosukuma maji ya juu mara huku mara kule. Hakuna mto hapa.

Nani alikuwa mkweli? Hapa ndipo penye utamu, kwa sababu wote wawili waliandika walichokiona. Na Stanley, pamoja na makali yake yote, aliona jambo jingine ambalo ndilo ufunguo. Aliporudi Ujiji aliona pwani imebadilika. Mitende mitatu iliyokuwa imesimama sokoni mwaka 1871 sasa ilikuwa ndani ya ziwa, kama mita 30 kutoka ukingoni. Ule mchanga ambao yeye na Livingstone walikuwa wanautembelea asubuhi ulikuwa umezama. Watu wa Ujiji walikuwa wanahamisha nyumba. Kwa hiyo Stanley akatabiri: ziwa linapanda, na likizidi kupanda litaruka kile kizuizi cha matope pale Lukuga, na mto utaanza kutiririka.

Fikirini kidogo hao watu wa Ujiji wa 1876. Soko limeingia majini, mzee anaonyesha kwa kidole penye kibanda chake cha zamani, na watoto wanaoga juu yake. Mama wa Rumonge, barua yako ingeweza kuandikwa mwaka ule.

[Muziki mfupi]

Utabiri ulitimia haraka. Mwaka 1878 alifika Ujiji Edward Hore, baharia aliyekuwa mmisionari wa London Missionary Society. Huyu ndiye ninayempenda kuliko wote katika habari hii, kwa sababu wengine walipita, yeye alikaa. Mwaka 1879 alikwenda Lukuga akakuta mto wa kweli, wenye nguvu, unakimbia kutoka ziwani. Kizuizi kilikuwa kimevunjika. Mwishoni mwa mwaka huo huo Joseph Thomson, kijana wa Scotland mwenye umri wa miaka 21, alifika kwa njia ya nchi kavu akashuhudia vile vile.

Hore akafanya jambo dogo ambalo wakubwa wote waliomtangulia hawakulifanya. Aliweka alama ya kupimia maji pale Ujiji, akawa anaandika maji yamefika wapi. Yakashuka. Yakazidi kushuka. Katika muda wa miaka kama 15, mpaka miaka ya 1890, ziwa zima lilishuka kwa karibu mita 10. Ziwa la kilomita 670! Ukienda leo Ujiji kwenye kumbukumbu ya mahali walipokutana Livingstone na Stanley, itabidi utembee kwanza ndipo uone maji.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Wataalamu waliokuja baadaye wameeleza hivi, na nitajaribu kulisema kwa lugha ya nyumbani.

Chukueni beseni lenye tobo dogo karibu na ukingo wa juu. Mvua zikiwa haba kwa miaka mingi, maji ya ziwa yanashuka chini ya tobo. Lukuga unakauka pale mlangoni. Lakini vijito vidogo vya pembeni vinaendelea kuleta mchanga na matope ndani ya njia ile kavu, na mafunjo yanaota juu yake, mizizi inashikana. Tobo limezibwa. Mvua zikirudi, maji yanapanda, yanalifikia tobo na kulikuta limefungwa, basi yanazidi kupanda, yanameza pwani. Siku yakifika juu ya kizibo yanaanza kuruka, na maji yanayokimbia yanachimba. Kizibo cha miaka mingi kinasombwa kwa muda mfupi, na beseni linashuka.

Kwa hiyo Cameron na Stanley walifika kwenye mlango huo huo wakati kizibo kinakaribia kushindwa. Mmoja aliona maji yanayopenya, mwingine akaona matope.

[Muziki mfupi]

Kijana aliyeuliza nani ameziba ziwa, umeona kwamba mara ile hakukuwa na mtu. Lakini usiondoke. Kupanda kwa ziwa kwa miaka hii ya karibuni si hadithi ile ile moja kwa moja, na hapa ndipo watu wanapochanganya.

Tangu mwanzo wa karne ya 20 kumekuwa na vipimo vya maji vinavyoandikwa kwenye bandari za ziwa, na tangu 1992 hata satelaiti zinapima urefu wa maji kutoka juu. Vipimo hivyo vinaonyesha kwamba kila mwaka ziwa linapumua: linapanda wakati wa mvua mpaka kama mwezi wa 5, linashuka kiangazi mpaka kama mwezi wa 10 au wa 11. Tofauti ni chini ya mita moja. Juu ya pumzi hiyo ya kila mwaka kuna miaka ya mvua nyingi inayoinua ziwa lote.

Wazee wanaokumbuka uhuru wanakumbuka mvua za mwishoni mwa 1961. Zilipiga Afrika Mashariki yote. Victoria lilipanda zaidi ya mita 2, na Tanganyika lilifika kilele mwaka 1964. Baada ya hapo lilishuka, lakini polepole, kwa miaka. Watu wakasahau. Wakajenga palipokauka. Mimi nimezaliwa wakati ambapo watu walilalamika kwamba ziwa linapungua, meli hazifiki gatini, na Tanzania ilikuwa inazungumza na Kongo juu ya kujenga kizuizi pale Lukuga ili maji yasiishe. Hayo ni ya juzi tu!

Kisha ikaja mvua ya mwisho wa 2019. Wanasayansi wanasema mwaka ule bahari ya Hindi ilipata joto isivyo kawaida upande wetu wa Afrika, na upande wa Indonesia ikapoa. Bahari ikiwa na joto inatoa mvuke mwingi, na mvuke huo ukatuangukia sisi. Victoria likavunja rekodi yake mwezi Mei 2020. Tanganyika nalo likapanda, na mvua kubwa za 2023 na 2024 zikakuta beseni limeshajaa. Gatumba, mitaa ya chini ya Bujumbura, Uvira, Kalemie, mialo ya Kigoma: wote walipata.

Hapa niseme kitu kwa ndugu zetu wa Uvira. Mafuriko yale yaliyoua watu Aprili 2020 hayakutoka ziwani. Yalikuwa Mto Mulongwe uliofurika ukitoka milimani. Hiyo ni shida nyingine, ya miteremko iliyokatwa miti na nyumba zilizojengwa kwenye njia ya mto. Maji ya mto yanakuja kwa saa moja na kuondoka. Maji ya ziwa yanaingia sentimita kwa sentimita na kukaa. Anayetaka kujua kama kiwanja chake kitarudi, aulize kwanza ni maji gani yaliyokichukua.

Na yanaondoka kwa kasi gani? Tufanye hesabu. Eneo la ziwa ni kilomita za mraba karibu 32,900. Ili lishuke mita moja tu, lazima ziondoke kilomita za ujazo karibu 33, yaani lita trilioni 33. Chukueni kambi yenye watu 100,000, kila mtu apate lita 20 kwa siku, lile dumu moja, au bido kama wengine tunavyosema, ambalo mara nyingi ndilo tunaloahidiwa na si lazima tulipate. Kambi hiyo ingekunywa, ingepika na kufua kwa miaka 45,000 kabla ya kumaliza mita moja ya Tanganyika.

Jambo linaloshangaza wengi ni kwamba Lukuga hauchukui sehemu kubwa ya maji yanayoondoka. Karibu sehemu tisa katika kumi zinapanda hewani kwa jua na upepo. Mlango ni mwembamba, paa ndilo lililo wazi. Kwa hiyo hata Lukuga ukisafishwa wote kesho asubuhi, ziwa halitashuka kama beseni lililopinduliwa. Litategemea pia mvua za miaka inayofuata, na hizo hazina mwenye kuzishika. Baba wa Baraka, ndiyo sababu siwezi kukwambia mwaka. Naweza kukwambia kwamba baada ya 1964 ilichukua miaka, na kwamba maji ya sasa, pamoja na hasara yake yote, bado yako mita kadhaa chini ya pale yalipofika 1878.

[Muziki mfupi]

Kuna waliotaka kujua ya zamani zaidi ya Burton na wazee wa Uvira. Katika miaka ya 1960 alikuja Livingstone mwingine, Daniel, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani. Yeye alishusha bomba refu mpaka chini ya ziwa akatoa mchanga wa sakafuni, kama unavyochomeka bomba la peni kwenye ugali na kulitoa limejaa. Matope ya juu ni ya jana, ya chini ni ya maelfu ya miaka. Ndani yake mna chavua za maua na vijidudu vya majini vinavyoeleza mvua ilikuwaje. Waliomfuata walichukua mengine mengi. Picha iliyotoka ni kwamba wakati ule dunia ilipokuwa na barafu nyingi, ziwa hili lilikuwa chini kwa mamia ya mita, na Lukuga haukuwa unatoka kabisa.

Na Ruzizi? Zamani haukuleta maji ya Kivu. Kivu lilikuwa linamwaga kaskazini, upande wa Nile. Volkano za Virunga ziliziba njia hiyo, Kivu likajaa, likapata njia ya kusini miaka kama 10,000 iliyopita. Kwa hiyo wale Wazungu waliotafuta Nile kwenye Ruzizi hawakuwa wajinga kabisa. Walichelewa tu miaka 10,000.

Nimeulizwa pia juu ya dagaa, ndagala kwa Warundi, na kwa nini bei yake sokoni inapanda kila mwaka. Somo hilo linahitaji kipindi chake, lakini nitagusa kipande kimoja kwa sababu kinahusu vipimo. Mwaka 1912 na 1913 daktari Mbelgiji, Louis Stappers, alizunguka ziwani akishusha kipimajoto kwenye maji ya kina. Mgebuka, mikeke kwa ndugu zetu wa Bujumbura, ana jina lake katika vitabu vya sayansi: Lates stappersii. Namba zake za joto zilikaa kwenye makaratasi miaka 90. Mwaka 2003 watafiti walizitoa, wakazilinganisha na vipimo vipya, wakaona ziwa limepata joto. Maji ya juu yakipata joto yanakuwa mepesi, yanaelea kama mafuta juu ya mchuzi, na upepo wa kusi unashindwa kuyachanganya na maji ya chini yenye mbolea. Mbolea isipopanda, vile vimelea vya kijani wanavyokula dagaa vinapungua. Kundi jingine la watafiti mwaka huo huo lilikadiria kwamba chakula hicho cha ziwa kilikuwa kimepungua kwa karibu sehemu moja ya tano. Wapo wataalamu waliowapinga, wakasema nyavu nyingi mno ndizo zenye makosa zaidi. Mimi naona wavuvi wanalaumiwa upesi kwa sababu mvuvi anaonekana na joto halionekani. Lakini nyavu za macho madogo nimeziona kwa macho yangu pia.

Kumbe basi mtu aliyepima joto mwaka 1913, na yule aliyeweka alama Ujiji mwaka 1879, ndio wanaotusaidia kubishana vizuri leo. Siku hizi kazi hiyo inafanywa na watu wa hapa hapa. Uvira pana kituo cha utafiti wa maji tangu wakati wa Wabelgiji, na Kigoma pana kituo cha taasisi ya uvuvi ya Tanzania, TAFIRI. Kijana wa sekondari unayependa sayansi, majina hayo uyaandike mahali.

[Muziki mfupi]

Turudi kwenye viwanja, maana ndiko mlikotaka nifike.

Nchi zote nne zilitia saini mkataba wa kulitunza ziwa pamoja, Dar es Salaam, Juni 2003. Ofisi ya Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ipo Bujumbura. Habari ya Lukuga iko mezani humo, na siku hizi imegeuka: zamani waliomba uzuiwe, sasa wanazungumza juu ya kuondoa mchanga na magugu ili upite vizuri. Wakazi wa Bujumbura na Uvira wangependa ufunguliwe hata leo. Lakini chini ya Kalemie nako kuna watu. Kuna vijiji na mashamba kando ya Lukuga mpaka Lualaba, na maji yaliyochimba kizibo mwaka 1878 hayakuuliza nani anaishi mbele. Mlango ukifunguliwa ovyo, wa juu wanakauka na wa chini wanaoga. Anayeishika funguo ni Kongo, anayelia zaidi ni Burundi, na Tanzania inaogopa siku ambapo maji yatapungua tena na gati ya Kigoma ikabaki hewani. Si ugomvi wa kumalizwa na hotuba moja.

Kwa anayejiandaa kurudi, kuna vipimo viwili vya sheria vya kujua. Burundi, sheria ya maji ya 2012 inataka mita 150 kutoka ukingo wa Tanganyika zisijengwe. Tanzania, sheria ya mazingira ya 2004 inasema mita 60. Kiwanja kilichokuwa mbali na maji wakati unakimbia kinaweza leo kuwa ndani ya mita hizo, hata kama hakijalowa. Kabla hujauza mabati yako ili upate nauli, mwombe ndugu aliyeko huko apime kwa hatua kutoka ukingoni, mwezi wa 5 maji yakiwa juu, si mwezi wa 10. Amtafute pia mzee aliyekuwapo mwaka 1964, amuulize maji yalifika wapi mwaka ule: kwenye mti gani, kwenye kanisa lipi, kwenye nyumba ya nani. Mkiwa na karatasi za kiwanja, zifungeni kwenye nailoni na mpige picha kwa simu ya mtu mnayemwamini.

Waliotuandikia na hatukuwafikia leo, barua zenu zipo. Mzee wa upande wa Moba aliyeuliza kama ni kweli kwamba chini kabisa ya ziwa hakuna samaki hata mmoja: ni kweli, kule chini hakuna hewa ya kupumua, na wiki ijayo nitakueleza kwa nini. Kisanduku cha maswali kipo pale pale, karibu na bomba. Andikeni kwa herufi kubwa, tafadhali, macho ya mtangazaji wenu yanasoma kwa taa ya sola.

[Muziki wa kufunga]